Vikapu Viwili

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidharau kwa kuwa liko karibu mno na pua zetu, nalo ni taka tuzitoazo majumbani, pamoja na moto na umeme tuutumiao bila ya hisabu. Huenda mtu akasema kuwa hiyo ni kazi ya Halmashauri na watu wa magari ya taka, na kwamba jarida la nyumba za Kiislamu halina haja ya kuingia mitaroni. Nasi tulikuwa na fikira hiyo hiyo, mpaka siku ile mtaro wenyewe ulipoingia ndani.

Ilikuwa ni harusi ya nyumbani kwetu; kwa hiyo tunaanza na aibu yetu wenyewe kabla ya kutaja ya wengine. Wageni walikula wakashiba, alhamdulillahi, na masinia mengi ya biriani yakabaki nusu, kwani tulikuwa tumepika kwa kuogopa maneno ya watu wala si kwa idadi ya watu. Usiku ule vijana waliokuwa wakisafisha wakachagua njia iliyo nyepesi. Wali, mifupa, chupa za maji, sahani za kutupwa na mifuko, vyote vikasukumwa katika mtaro wa mbele ya nyumba. Alfajiri ikanyesha mvua ya masika. Mtaro ukaziba, maji yakatafuta njia nyingine, na njia yenyewe ikawa ni mlango wa bibi mmoja mjane, ambaye nyumba yake iko chini kabisa ya mteremko wa mtaa wetu.

Tulipofika kumsaidia tulimkuta amekaa juu ya meza. Godoro limelowa, debe la unga limepinduka, na juzuu za watoto anaowasomesha zimeanikwa kambani pamoja na nguo. Chembe za wali wetu zilikuwa zikielea sakafuni. Bibi akatutazama, akasema, "Sikujaaliwa kuja karamuni, wanangu; basi karamu imenijia." Hakuongeza neno. Lau angalitutukana tungaliona nafuu.

Baada ya siku ile tulianza kuzitazama taka zetu kama mtu atazamavyo daftari la madeni. Tulimwaga pipa letu la siku moja juu ya gunia uani, tukazichambua. Maganda ya ndizi na mihogo, majani ya mchicha, maganda ya maembe, wali uliolala, machicha ya nazi, majani ya chai: hivyo ndivyo vilivyokuwa vingi, na ndivyo vilivyokuwa vizito. Wala nyumba yetu si ya ajabu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani ni vitu vya namna hii, vitu vilivyotoka ardhini na ambavyo ardhi ingevipokea tena kwa furaha. Lakini sisi huvifunga ndani ya mfuko pamoja na chupa, betri na vigae vya kioo, kisha twalipa ushuru ili vipelekwe mbali. Kitu kikavu ambacho kingeweza kuuzwa huchafuka kwa maji ya kitu kibichi, na kitu kibichi ambacho kingeweza kuwa mbolea huharibika kwa kuchanganywa na kikavu. Tukivichanganya, vyote viwili huwa si mali tena.

Na huko "mbali" tunakosema, ni wapi? Ni kwenye kilima cha taka, karibu na nyumba za watu wengine. Taka bichi zikifukiwa chini ya taka nyingine hukosa hewa, huoza kwa namna mbaya, na hutoa gesi iitwayo methani, ambayo hushika moto, na ambayo nguvu yake ya kulitia joto anga yapita ile ya hewa ya ukaa zaidi ya mara 25 ikihisabiwa kwa kipindi cha miaka mia. Tarehe 21 Februari 2005, baada ya mvua kubwa, kilima cha taka cha Leuwigajah, karibu na mji wa Bandung katika kisiwa cha Java, kilibomoka usiku kikafukia vijiji vilivyokuwa chini yake, na watu zaidi ya 140 wakafa. Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya Java peke yake. Mwezi wa Agosti 2024, hapa hapa jirani, dampo la Kiteezi lililoko nje kidogo ya Kampala liliporomoka vivyo hivyo baada ya mvua, likaua watu zaidi ya 30, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Wote hao walikufa chini ya maganda na mifuko ya watu wasiowajua.

Tumeitaja Java kwa makusudi, kwani katika kisiwa hicho hicho mna mji ambao khabari zake ndizo zilizotutia moyo. Mji huo ni Surabaya, bandari kubwa yenye watu karibu milioni tatu, wengi wao Waislamu. Pana mtaa ndani yake uitwao Ampel, wenye msikiti wa kale, ambako wamekaa kwa vizazi vingi watu wa asili ya Hadhramaut. Na baadhi ya wasomaji wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja, wakiitafuta nasaba yao vizuri, huenda wakakuta wana binamu huko.

Mwaka 2001 mji wa Surabaya ulipatwa na balaa. Wakazi waliokaa karibu na dampo la Keputih walichoka kwa harufu, moshi na inzi, wakalifunga dampo lile kwa nguvu ya malalamiko yao. Magari ya taka yakawa hayana pa kwenda, na taka zikarundikana mabarabarani na mbele ya milango. Watu wa mji walijifunza kwa siku chache jambo ambalo walikuwa hawakujifunza kwa miaka mingi, ya kuwa taka ikiondoka mlangoni mwako haijaondoka duniani.

Mwaka 2004 alifika huko mtaalamu Mjapani, Bwana Koji Takakura, kwa ushirikiano wa mji wa Kitakyushu na watu wa Surabaya. Inafaa kutaja ya kuwa Kitakyushu nao ulikuwa na historia yake. Katika miaka ya 1950 na 1960 anga lake lilijaa moshi wa viwanda na ghuba yake ya Dokai ikafa samaki, na waliokuwa wa kwanza kusimama kudai hewa safi walikuwa ni akina mama wa mtaa wa Tobata. Bwana Takakura hakuja Surabaya na mtambo. Alizunguka sokoni na majikoni, akatazama watu wa pale wanachachusha vyakula gani, kisha akatengeneza njia ya kugeuza taka za jikoni kuwa mbolea ndani ya kikapu cha kawaida cha nguo chafu. Shauri lake lilikuwa kwamba vijidudu vinavyofaa kwa kazi hii vipo tayari katika kila nchi, ndani ya vyakula vyake vilivyochachuka na juu ya maganda ya matunda yake, wala hapana haja ya kuviagiza kutoka ng'ambo.

Serikali ya mji ikagawa maelfu ya vikapu bure. Lakini lililofanya kazi hasa, kwa maoni yetu, si kikapu. Huko Indonesia kila mtaa umegawanywa katika vikundi vidogo vya majirani viitwavyo *rukun tetangga*, kila kimoja na mkuu wake, mfano wa nyumba kumi zetu. Tena pana jumuiya ya akina mama inayofika mpaka katika vikundi hivyo. Akina mama hao ndio waliochaguliwa na kufundishwa, kisha kila mmoja akawafundisha jirani zake jikoni kwao, akirudi baada ya siku chache kuuliza: je, kinanuka? Umekikoroga? Umetia maji mengi? Toka mwaka 2005 yakaanzishwa mashindano ya vichochoro safi, na vichochoro vyembamba visivyopitisha gari vikajaa vyungu vya maua vilivyostawishwa kwa mbolea ya vikapu. Taka zilizokuwa zikipelekwa dampo kwa siku, ambazo mwaka 2005 zilipita tani 1,500, zilipungua kwa zaidi ya asilimia 20 katika muda wa miaka minne. Lile dampo la Keputih lililofungwa kwa ghadhabu, leo ni bustani yenye msitu wa mianzi.

Hatusemi kuwa Surabaya ni pepo. Mashindano yana kasoro yake, kwani wako watu wafagiao siku ya waamuzi tu. Mji wenyewe nao ulilazimika baadaye kujenga mtambo mkubwa huko Benowo, uliofunguliwa mwaka 2021, wa kuchoma taka tani 1,000 kwa siku na kutoa umeme, jambo linaloonyesha kuwa kikapu peke yake hakikumaliza kazi. Lakini tujiulize, ni nchi gani kati ya nchi zetu iliyo tayari kwa mtambo kama huo kesho asubuhi? Kapu tunalo leo.

Basi na tueleze lifanyikavyo, kwa kuwa tumelifanya wenyewe. Chukua ndoo mbili ndogo zenye maji. Ya kwanza tia sukari, mtindi kidogo na hamira. Ya pili tia chumvi kidogo pamoja na maganda ya matunda na majani ya mboga. Zifunike, uziache siku tatu hadi tano. Ikinuka uchachu mtamu ndiyo sawa. Ikinuka uozo, mwaga uanze upya. Kisha uchanganye maji hayo na maganda ya mpunga yatokayo mashineni, na pumba laini kidogo, mpaka ukifumbata konzi moja ishikamane bila ya kutoa tone. Funika kwa gunia. Baada ya siku tatu au nne itapata joto na ukungu mweupe, nao ukungu huo ndio dalili ya kheri. Hiyo ndiyo mbegu. Sasa chukua kapu la plastiki lenye matundu, la kiasi cha lita 50, ulizungushie boksi ndani, chini uweke kijito kilichoshonwa kwa chandarua na kujazwa maganda ya mpunga, kisha utie mbegu kupita nusu. Kila siku katakata taka zako za jikoni vipande vidogo, tia, koroga mpaka chini, weka kijito kingine juu, funika kwa kitambaa ili inzi wasiingie. Kapu moja huweza kupokea kilo moja hadi moja na nusu kwa siku, yaani taka za nyumba ya watu watano au sita. Na ukigusa ndani asubuhi utakuta moto kama wa mkate uliotoka tanurini. Mifupa mikubwa, vifuu na mbegu za maembe usitie. Machicha ya nazi, kwa maoni yetu, yana wenyewe, nao ni kuku.

Kapu letu la kwanza lilitutia aibu ya pili. Lilikuwa katika Ramadhani, na matikiti yalikuwa rahisi. Kila jioni tukatia maganda ya matikiti bila ya kuyachuja maji. Siku ya sita nyumba yote ilinuka, na mgeni wetu wa futari akawa anakula huku akitazama mlango. Tukataka kulitupa. Aliyelinusuru ni yule yule bibi mjane. Alikuja, akatia mkono ndani bila ya kuona kinyaa, akasema, "Mmelizamisha, wanangu. Hiki ni kiumbe, chataka kuvuta pumzi." Akaagiza maganda makavu ya mpunga na boksi lililochanwa-chanwa, akakoroga asubuhi na jioni kwa siku mbili, na harufu ikaondoka. Bibi huyu hakuwahi kusikia jina la Surabaya; lakini amelima bustani tangu utotoni. Toka siku hiyo yeye ndiye mwalimu wa makapu mtaani kwetu. Hupita nyumba baada ya nyumba na bakora yake, na hapana mwanamke wa mtaani, sembuse mwanamume, awezaye kumdanganya kuwa amekoroga.

Kitu kibichi kikiisha kutengwa, kikavu hakina tabu. Chupa, makopo, vyuma na makaratasi makavu vina wanunuzi katika kila mji wetu, na vijana wanaovikusanya hupita kila siku wakigonga vyuma vyao. Huko Java wameliendeleza jambo hili kwa utaratibu: mwaka 2008, katika wilaya ya Bantul, ilianzishwa "benki ya taka" ya kwanza, ambapo mtu huleta taka zake kavu, hupimwa, na thamani yake huandikwa katika kitabu chake cha akiba, na benki za namna hiyo zimeenea nchi nzima. Katika Surabaya yenyewe, tangu 2018, palikuwa na mabasi ambayo nauli yake ililipwa kwa chupa tupu za plastiki. Hapa kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwezi wa Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, baada ya Zanzibar iliyokwisha tangulia miaka mingi nyuma. Wako waliosema kuwa biashara itakufa. Biashara haikufa, na makapu ya ukili yakarudi sokoni.

Jambo moja twaliomba kwa mkazo: msichome plastiki uani. Moshi wake una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mtoto alalaye dirishani.

Wanavyuoni nao hawakunyamaza. Mwaka 2014 Baraza la Maulamaa wa Indonesia lilitoa fatwa yake ya 47, mahsusi kwa ajili ya taka, ikieleza kwamba kutupa taka ovyo ni haramu, na vile vile kutupa kitu ambacho bado chaweza kumfaa mwenyewe au mtu mwingine. Na kwamba kuzigeuza taka ziwe kitu chenye manufaa kwa watu ni fardhi kifaya. Maneno hayo ya mwisho tuliyatafakari sana. Fardhi kifaya twaijua katika maiti: wakiwapo wa kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika, waliobaki wameondokewa na dhima, wasipokuwapo, mtaa mzima una dhambi. Hatukuwahi kuufikiria mtaro kwa njia hiyo. Na juu ya israfu yenyewe, aya ya 26 na ya 27 za Surat Bani Israil kila mtoto wa chuoni amezipitia, na aliyezisahau na afungue msahafu azisome tena kabla ya harusi ijayo.

Sasa tuje kwenye kikapu cha pili, kisicho na harufu wala inzi, nacho ni cha kuokoa moto.

Nyumba nyingi za miji yetu bado zapika kwa mkaa, na mkaa ni kitu cha israfu toka kuzaliwa kwake. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa yaweza kula kilo sita za kuni na zaidi. Na huo mkaa uliobaki, ukiwashwa katika jiko la bati tupu, joto lake jingi huondoka kwa ubavuni. Jiko la bati lililotiwa udongo wa kufinyangwa ndani, lililotengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la Siam, hupunguza mkaa kwa theluthi au hata nusu. Indonesia walichukua njia nyingine: mwaka 2007 Serikali ilianza kuwabadilishia watu majiko ya mafuta ya taa kwa mitungi midogo ya gesi ya kilo tatu, na katika muda wa miaka michache mitungi hiyo ikafika katika majumba zaidi ya milioni 50. Mtungi wa gesi, au jungu la umeme la mgandamizo, ni bora kuliko mkaa kwa pafu la mpishi. Mwenye uwezo na anunue. Sisi twazungumza hapa na yule ambaye mwezi huu hana uwezo huo.

Kapu lenyewe ni hili. Chukua kapu kubwa la ukili, ulitandike mto wa sufi chini na pembeni, na mto mwingine uwe tayari kwa kufunika. Teleka wali, ukichemka vizuri na maji yakianza kukauka, epua, funika kwa kifuniko kinachokaza, weka sufuria kapuni, ulifunike kwa mto, uende zako. Moto uliokwisha ingia ndani ya chakula hauna pa kutokea, nao huendelea kupika. Baada ya saa moja wali umeiva, wala haukuungua. Bibi zetu walifunika vyungu kwa blanketi wakati wa safari. Hili si jambo geni.

Kwa maharage pana sharti ambalo lazima lishikwe. Yarowekwe usiku kucha, maji ya kurowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu juu ya moto, si chini ya dakika 10 tangu yaanze kutokota, na sisi huyaacha nusu saa; ndipo yaingie kapuni kwa saa tatu au nne. Maharage mekundu yakipikwa kwa joto dogo bila ya kuchemshwa kwanza yana sumu inayotapisha. Na chakula chochote ukifunua kapu ukakikuta vuguvugu tu, kirudishe motoni kichemke kabla ya kula. Nyumbani kwetu gunia la mkaa lililokuwa likiisha kwa wiki tatu, sasa lafika karibu wiki tano. Hatuna mizani ya kitaalamu, ila tuna kumbukumbu za mwenye duka, naye hasahau.

Umeme tutauzungumza kwa ufupi, kwani mita za kulipa kabla zimekwisha tufundisha nusu ya somo. Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 109 kwa mwaka. Taa ya LED ya wati 9 itoayo mwanga ule ule hula uniti 16. Tofauti ni uniti 93 kwa taa moja, hebu hisabu taa za nyumba yako. Nguo zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja, si kanzu moja kila asubuhi. Mpira wa mlango wa friji ujaribiwe kwa karatasi: ukilifunga katikati na karatasi ikatoka kwa kuvutwa kidogo tu, baridi yako yatoka pale pale.

Twaomba wazee wa misikiti watusikilize vile vile. Katika msikiti wa mtaani kwetu tulikuta feni na taa zikiwaka baina ya Isha na Alfajiri bila ya mtu ndani isipokuwa paka. Hilo lilikwisha siku ile ile kwa kumpa kijana mmoja zamu. Lililo gumu lilikuwa ni maji. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ndiyo kibaba chetu, karibu robo tatu ya lita. Tuliweka ndoo chini ya bomba, tukamwomba kijana atawadhe kama ilivyo desturi yake, kisha tukapima: lita sita. Yaani vibaba vinane. Yeye mwenyewe alishangaa, akasema alidhani ametumia kidogo. Tumebadili mabomba mawili, na maji ya udhu yanayotoka yameelekezwa kwenye migomba iliyo nyuma ya msikiti. Huko Jakarta Msikiti wa Istiqlal, mmojawapo wa misikiti mikubwa ya dunia, umewekwa vioo zaidi ya 500 vya kupokea nguvu ya jua juu ya paa lake, na maji yake ya udhu husafishwa yakatumika tena. Mwaka 2022 ukapewa cheti cha majengo yasiyofuja nguvu na taasisi moja ya Benki ya Dunia. Sisi hatuna vioo 500, tuna migomba sita, nayo imekwisha zaa.

Msomaji ataka kujua tumefika wapi. Katika nyumba 20 za kichochoro chetu, 11 zina kapu la mbolea linalofanya kazi, tatu zinalo ila hulitumia kuwekea nguo, ambayo kwa haki ndiyo kazi yake ya asili, na sita zimekataa kabisa. Mmoja wa waliokataa ni jirani yetu tuliyesoma naye chuoni, ambaye hutuambia kila tukutanapo kuwa yeye hulipa ushuru wa taka ili asizione tena. Hatukugombana naye. Mbolea ya mwezi wa tatu tulimpelekea debe moja kwa ajili ya mpilipili wake, naye akaipokea. Harusi nyingine imepita mtaani mwezi uliopita. Mpishi aliulizwa idadi ya wageni kabla ya kupima mchele, na masinia yaliyobaki yalipelekwa madrasa usiku ule ule yakiwa bado moto ndani ya makapu ya sufi.

Lakini mtaro bado. Pale unapopinda, mbele ya nyumba ya bibi, umejaa mchanga wa masika mawili na plastiki zilizokandamana chini yake, na mikono ya nyumba moja haiwezi kuuzibua. Tumeafikiana kukutana Ijumaa ijayo baada ya Alasiri. Majembe matano yapo, toroli moja limeazimwa, na bibi ameahidi uji. Amesema pia, nasi twafikisha kama alivyosema, kuwa anayekuja na kanzu nyeupe arudi akaivue kwanza.